Fundi na Makwapa ya Paa

Ukitaka kumsalimia Fundi, ilibidi ungoje ashuke. Akiwa juu ya paa hakuitikia shikamoo ya mtu yeyote. Ungeweza kusimama chini ukapaza sauti mpaka koo likukauke, naye angeendelea kugonga misumari yake kana kwamba aliyeko chini ni mbuzi wa jirani. Alisema salamu haitupwi juu kama jiwe la kuangulia mapera. Anayeamkia mtu aliye juu ya paa anaiamkia miguu, na miguu haina marahaba. Na sheria hiyo aliifuata mwenyewe: akipita mzee aliyemzidi umri, Fundi aliteremka ngazi yote, akapangusa mikono kwenye suruali, akaamkia, akauliza habari za ng'ombe na za majani ya chai, ndipo akapanda tena. Barabara ya sokoni ilipita chini ya nyumba yetu. Kwa hiyo siku za gulio hakufanya kazi kabisa, maana angeshinda anapanda na kushuka.

Mimi mtu wa Tanga mjini, sikuzoea subira ya namna hiyo. Nilipanda Lushoto miaka ya mwanzo ya Uhuru, mkunga mpya, na sweta moja ambalo huko kwetu lilikuwa la fahari tu. Nikakabidhiwa nyumba ya kungojea. Ilikuwa nyumba ya misheni, ya tangu enzi ya Wajerumani, nje kidogo ya mji: kuta za mawe, paa refu lenye mteremko mkali, na juu ya paa hilo vimechomoza vijumba vidogo vyenye madirisha, vya kuingiza mwanga darini. Wanawake walioukaribia mwezi wao walitoka vijiji vya mbali, Mgwashi, Mponde, wengine huko bondeni kabisa, wakaja kukaa kwetu ili uchungu uwakute karibu na zahanati, usiwakute njiani. Chini palikuwa na vitanda vichache. Wengi walilala darini. Huko ndiko paa lilikuwa bovu, na hivyo ndivyo nilivyomjua Fundi.

Ule mchezo wa salamu uliniudhi tangu siku ya kwanza. Nilisimama kwenye umande nikiwa na ujumbe wa haraka, yeye juu anagonga. Aliposhuka nikamwamkia kwa ulimi wa kukata, akaitikia marahaba ndefu, tamu, kama mtu aliyeletewa uji. Nikashindwa kuendelea na hasira.

Alikuwa na lugha yake. Vile vijumba vya madirisha aliviita watoto. Paa ndilo mama, na watoto amewabeba mgongoni. Pale paa la mtoto linapokutana na paa la mama, kwenye ule mfereji maji yanakopita, aliita kwapa. "Paa haliugui kifuani," alikuwa akisema, "huugua kwapani." Akiikagua nyumba ya mtu haangalii kuta wala milango, anauliza tu ina watoto wangapi, na makwapa yao yakoje. Mchungaji alimwomba atafute neno jingine, maana alikuwa akiyatamka hayo mbele ya wamama. Fundi akamtazama kwa huruma, akamuuliza kama yeye Mchungaji hana makwapa. Neno likabaki.

Kanisani alikaa benchi la nyuma, kichwa amekiinua juu ibada nzima. Wageni walidhani ni mtu wa maombi mazito. Sisi tuliomzoea tulijua anahesabu kenchi, zile mbao zinazolibeba paa, na kwamba ile boriti ya upande wa kwaya inamnyima usingizi. Aliimba besi nzuri, lakini hata akiimba macho yalikuwa juu. Siku moja Mchungaji alihubiri juu ya yule mpooza aliyeshushwa kwa kutobolewa paa. Tulipotoka nje, watu wakisifu imani ya wale rafiki wanne, Fundi alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua ni nani aliyekuja kuliziba baadaye.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Aligombana na wapasua mbao, akagombana na wenye lori, akagombana na mimi kwa sababu nilipanda ngazi yake na viatu. Nyundo yake haikuazimwa hata na nduguye. Hata hivyo kulikuwa na vikapu vya mapeasi vilivyokuwa vikikutwa kwenye ngazi za darini, msimu wake ukifika, na wamama wakila bila kujua pa kupeleka asante. Nilimkamata asubuhi moja anainama kukitua kikapu. Akasema amekikuta pale, anakisogeza mtu asijikwae.

Jambo lililowachekesha watu wote ni nyumba yake mwenyewe. Fundi wa kuezeka bati aliyejulikana kutoka mjini mpaka Mponde alilala chini ya nyasi. Mkewe, mama mcheshi mwenye sauti iliyovuka bonde, alinilalamikia kila tulipokutana. Alisema mumewe anawakinga watu wote na mvua, yeye peke yake ndiye anayefagia funza wa nyasi. Fundi alijibu kwamba akilala chini ya bati, kila tone litamwita kazini. Atasikiliza limedondokea wapi na linaelekea wapi, na usiku hautakuwa na maana. Nyasi hazisemi kitu. Mkewe akasema basi aoe nyasi.

Sasa niseme habari za lile paa.

Vigae vya zamani vilikuwa vya udongo, vimepasuka, vimeota kuvu, na ukungu uliingia humo darini bila hodi. Kama hujakaa Lushoto huwezi kuelewa. Unaamka, dirishani hakuna mti wala mlima, kuna weupe tu, na weupe huo unapita kwenye kila ufa na kukaa kwenye blanketi. Wamama waliuogopa kuliko mvua. Walikuwa wakisema ukungu ukimwingia mjamzito mgongoni, uchungu wake utachelewa na mtoto atakuja amechoka. Mimi, na masomo yangu yote, nilicheka mwanzoni. Baada ya kipupwe kimoja nikaanza kujifunga kanga mbili mgongoni.

Marafiki wa kanisa huko ng'ambo wakaleta vigae vya bati. Hatukuwa tumeviona. Kwa mbali ungesema ni vigae vya udongo, rangi ileile nyekundu, mawimbi yaleyale, lakini ukishika ni bamba la bati jepesi. Misumari yake haigongwi juu mgongoni kama ya bati la kawaida. Inagongwa mbele, kwenye mdomo uliokunjwa, ili maji yapite juu bila kuiona. Fundi alivipanga kwanza kwenye majani, uani, safu kwa safu, akavipanga na kuvipangua mpaka akaridhika. Alivipenda vitu vile kwa namna iliyonitia wivu kidogo. Aliwaambia watu kwa Kishambaa kwamba haendi kuezeka, anakwenda kuzifya, neno lao la kukitengeneza kitu kilichoharibika kirudi katika uzima wake.

Na akazifya kweli. Kila mtoto alimpa muda wake. Kwapani alilaza bamba pana kabla ya kigae chochote, akalikunja kingo kwa nyundo ya mti, polepole, akimimina maji kutoka kwenye birika na kuyafuata kwa macho mpaka chini. Tone likienda kombo, anakunjua anaanza upya. Halafu akaja kuniahidi jambo ambalo sikuwa nimemwomba. Alisema nyumba hii, akimaliza, hata ukungu utabisha hodi.

Alichukua katani, si unajua Tanga katani si shida, akaisokota na kuichovya kwenye lami ya moto, akaishindilia kila penye upenyo. Chini ya kofia, yaani yale mabati ya mgongo wa paa yanayofunika pande mbili zinapokutana, alijaza katani. Kwenye mapaa ya watoto, katani. Pembezoni mwa madirisha na kule chini paa linapokutana na ukuta, katani. Alipomaliza, wamama walipanda darini wakawasha mshumaa, na mwali ukasimama wima. Walimpigia vigelegele. Alisimama uani na koti lake la kanisani, alilokwenda nyumbani kulivaa makusudi, akajifanya anakagua ngazi.

Masika ya kwanza paa likavuja.

Sijui niseme vipi jinsi lilivyomuuma. Asubuhi magodoro yalikuwa na mabaka ya maji. Matone yalining'inia upande wa ndani wa bati, mstari mzima, hasa karibu na watoto, yakimdondokea aliyelala chini yake. Fundi alifungua makwapa. Akayafunga, akayafungua tena. Alimwaga ndoo za maji juu huku mimi nikikaa ndani nikiangalia, na halikupita tone. Usiku wamama wakalala, asubuhi mabaka yaleyale. Sokoni watu hawana dogo, wakaanza kuulizana kama mvua nayo imebisha hodi kwenye paa la Fundi. Wapo waliokuwa na kazi zao kwake wakazipeleka kwa wengine.

Kisha akaja bwana afya wa wilaya, akashika magodoro, akaandika, na dari ikafungwa. Wajawazito wasilale tena juu mpaka paa lipone. Chini nilikuwa na nafasi kwa wachache tu, nikaanza kazi niliyoichukia kuliko zote, ya kuwaambia wanawake waliotembea toka alfajiri kwamba warudi, wangojee kwao. Mmoja wa hao alijifungulia njiani, kwenye majani ya chai. Mtoto alipona na mama alipona, lakini habari ilipanda na kushuka mlima kwa siku moja.

Fundi alikuja mlangoni kwangu na koti lilelile. Hakukaa. Akasema, "Nesi, paa langu linavuja, na mimi sijui linavujia wapi. Fundi asiyejua si fundi." Nilimwambia akae anywe chai. Wiki ile akahama, yeye na mkewe, wakateremka Mnazi, kule nyikani chini ya milima, ambako mvua ni ya kubahatisha na hakuna anayeuliza sana habari za paa. Alisema hatapanda tena Lushoto.

Ikapita miaka. Ujamaa ukaja, vijiji vikapangwa upya, majina ya ofisi yakabadilika, lakini amri ya bwana afya haikufutwa na mtu, na dari yangu ilibaki imefungwa. Niliitumia kuwekea mablanketi na magunia ya mahindi. Masika yakaja na kupita, mvua ile ya kwetu isiyojua kukoma, na mahindi hayakuota hata punje. Nilidhani paa limejiponya lenyewe, nikamshukuru Mungu nikaendelea na kazi.

Halafu kikaja kipupwe kimoja wamama walikuwa wengi mno. Chini walilala wawili wawili, na mjamzito si mtu wa kulaliana. Nikawapandisha darini bila kumwomba mtu ruhusa. Mvua hatukuwa tumeiona kwa wiki nyingi, barabarani palikuwa na vumbi. Asubuhi nikaitwa juu. Mablanketi yamelowa, na ule mstari wa matone uko palepale.

Nilikaa kwenye kitanda nikahisi kuchanganyikiwa. Mvua ya kutoka wapi? Mwanamke mmoja wa Mgwashi, mimba ya nne, mtu wa maneno machache, akasimama juu ya kitanda chake, akapitisha kiganja kwenye bati, akaninyooshea niuone umaji. Akasema, "Nesi, hii si mvua. Ni sisi."

Nikamwangalia.

"Tunapumua," akasema. "Kwetu jikoni sufuria ikifunikwa, mfuniko unalia. Hapa tumefunikwa."

Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia nililia kweli. Dari ikiwa tupu, masika yote hainyeshi. Ikijaa watu, hata kiangazi inanyesha. Vigae vya udongo vilipitisha pumzi kwenye nyufa zake, na nyasi zinapumua zenyewe. Lakini bati ni baridi na halipitishi kitu, na yule mtu aliliziba mpaka mshumaa ukasimama wima. Nikafungua madirisha ya watoto. Nilipogeuka wakayafunga, kwa ajili ya migongo yao. Nikafungua tena kesho yake, wakafunga tena. Ilibidi upenyo uwe juu kabisa, chini ya kofia, pumzi zipande zitoke na ukungu usiifikie migongo ya watu. Fundi mmoja wa mjini alipanda kujaribu, akakuta misumari iko midomoni, akapinda kigae kimoja, akashuka. Akasema aitwe aliyeifunga.

Nikateremka Mnazi kwa lori la kijiji, nikiwa katikati ya magunia, joto likiniongezeka kila kona. Nilimkuta anaezeka shule ya kijiji. Nikasimama juani nikangoja, nisiseme kitu, mpaka akashuka. Alikuwa amekonda, magoti yanamlalamikia kwenye kila kipago cha ngazi. Nikamwamkia. Akaitikia ileile marahaba ndefu, ila macho hayakunitazama.

Paa la shule lilikuwa na uwazi mpana pande zote, ukutani na kileleni. Nikamuuliza mbona hapa hakuziba. Akashangaa swali. Akasema watoto watapikika humo ndani, lazima joto lipate pa kutokea.

"Na pumzi je?" nikamuuliza.

Hakunielewa. Ndipo nikamweleza, dari tupu na dari iliyojaa, vumbi barabarani, kiganja cha yule mama wa Mgwashi. "Paa lako halikuvuja, Fundi. Halijavuja hata siku moja. Uliziba mno."

Alikaa kwenye rundo la matofali. Mkewe alikuwa amekuja na maji ya kunywa, akasimama na kata mkononi bila kuitoa.

"Kwa hiyo nilikosea," akasema.

"Ulikosea."

"Lakini halikuvuja."

"Halikuvuja."

Nilimwona akiyapima yale mawili, lipi alichukue na lipi aliache, na kwa kweli nilijua atachukua lipi. Halafu uso ukambadilika, akaniuliza kwa hasira kama hao wanawake wote niliowarudisha, wale wa miaka yote hii, walirudishwa kwa sababu ya katani. Nikamwambia ndiyo. Mkewe akampa maji, akanywa, akasema shule ya kijiji itangoja.

Alipanda Lushoto siku ya gulio. Nilimwonya. Akasema anajua.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, hukuona lango. Wazee walipita chini wakienda sokoni, na wengine walipotambua ni nani yuko juu walisimama. Alishuka kuwaamkia wawili wa kwanza. Kisha magoti yakakataa, akabaki juu, akawaomba radhi kwa sauti, mara ya kwanza mtu yeyote kumsikia akisalimiana kutoka kwenye paa. Wakamwambia, "Fanya kazi, mgoshi," yaani mwanamume kwa Kishambaa, wakaondoka zao.

Mimi nilikuwa darini na wamama, tumekaa vitandani, tunatazama juu. Tulimsikia akiitoa misumari mmoja mmoja. Tulimsikia akivuta ile katani yake, imekauka na lami, inatoka kwa vipande na anaitukana. Kisha chini ya kofia ukatokea mstari mwembamba wa mwanga, ukaanza kurefuka, kutoka ukuta mmoja kuelekea wa pili. Ukungu kidogo ukaingia, ukazunguka kwenye kenchi, ukapotea kabla ya kutufikia. Wamama walijifunika migongo.

Mstari ulipofika mwisho, kelele za nyundo zikakoma. Tukasikia anahema. Halafu kidole chake kikapita kwenye ule uwazi, akakipitisha huku na huku kama anayetafuta kitu, na sauti ikashuka kwetu, ya mzee aliyechoka.

"Haya," akasema. "Pumueni."